Mshahara wa Wastani na Kibarua wa Karagwe

Kila Mei Mosi nchi hii hugeuka darasa la hesabu. Mwaka 2025 pale Singida Rais Samia alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000, kuanzia Julai. Oktoba mwaka huo huo ikawa zamu ya sekta binafsi: kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322, kuanzia Januari 2026. Watu tukapiga hesabu ya kodi ya nyumba, nauli na mchele. Wengine wakafurahi, wengine wakasema ngoja kwanza tuone bei za vitu.

Mimi nikajiuliza swali la kishamba kabisa, na ninaposema la kishamba nina maana ya shambani. Hizo namba zinamhusu vipi mtu anayepalilia migomba ya mwenzake kule Nkwenda? Au anayechuma kahawa ya jirani huko Kaisho, Isingiro, Bugene, Nyaishozi? Karagwe na Kyerwa (zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipomegwa mwaka 2012) ni nchi ya kahawa na ndizi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 300,000 katika kila wilaya. Wenye mshahara wa mwezi ni walimu, manesi, watumishi wa halmashauri, polisi na wengine wachache. Waliobaki wanalima vyao, na wasiotosheka na vyao wanalima vya wenzao.

Nikaanza kusoma historia ya mishahara ya nchi hii nikiwa nimesimama, kwa mawazo, pale Kayanga badala ya Dar es Salaam. Ukisimama pale mambo yanaonekana tofauti. Hoja yangu leo ni moja tu: watu wa Karagwe wamesaidia kulipa mishahara ya taifa hili kwa miaka mingi, lakini ujira wao wenyewe umekuwa nje ya wastani wake. Ujira wa kule unapangwa na vitu viwili ambavyo Waziri wa Kazi havimo mkononi mwake. Cha kwanza ni bei ya kahawa, cha pili ni mpaka.

Tuanze na neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Mfanyakazi alipewa kikaratasi, kila siku aliyofanya kazi ikawekewa alama, na kutoka kwenye kile kikaratasi jina likamhamia mtu mwenyewe. Enzi ya Mwingereza huko kwenye mashamba ya mkonge kikaratasi hicho kiliitwa kipande, nacho kilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi. Ukizijaza zote ndipo unalipwa. Ukiugua, ukichoka, mvua ikikuzuia, siku hiyo haihesabiwi. Kwa hiyo "mwezi" wa kipande mara nyingi ulikuwa wiki sita au zaidi za kalenda. Unapokutana na takwimu za kikoloni zinazosema kibarua alilipwa shilingi kadhaa kwa mwezi, kumbuka huo haukuwa mwezi wako wewe wa tarehe 25. Wastani ulianza kutudanganya mapema.

Na kwa nini mtu aende kutafuta kikaratasi? Kodi. Karagwe ya Omukama Rumanyika, ile ambayo Speke na Grant waliifikia mwaka 1861, ilikuwa kwenye njia ya misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Tabora kwenda Buganda. Wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo chao Kafuro. Mali ilikuwepo na kazi zilikuwepo, ila mtu alimfanyia kazi mtawala wake kwa sababu ya ardhi, ng'ombe na ulinzi, bila hesabu ya mwisho wa mwezi. Mjerumani alipoleta kodi ya nyumba kwa amri ya mwaka 1897, na kodi hiyo ikasambaa taratibu hadi pembe za nchi, kila kaya ikahitaji fedha taslimu. Hapo ndipo ujira ulipoanza kuwa jambo la lazima.

Watu wa upande ule walikuwa na milango miwili ya kupata fedha hiyo. Mmoja ulikuwa kahawa. Bukoba ilitangulia, Karagwe ikafuata. Wa pili ulikuwa Uganda. Wakulima wa Buganda walishatajirika kwa pamba na kahawa wakahitaji mikono, na malipo yao yaliwashinda waajiri wa Ruanda-Urundi chini ya Mbelgiji. Maelfu kwa maelfu ya watu wakatoka Rwanda na Burundi kwenda kutafuta kazi kaskazini, wengi kwa miguu. Njia mojawapo ilikatiza ardhi yetu hadi Kyaka na kuvuka Mto Kagera. Audrey Richards na wenzake waliandika kitabu kizima juu ya wahamiaji hao kilichotoka mwaka 1954. Waganda walimwita mtu wa namna hiyo omupakasi, neno lenye undugu na mpagazi wetu wa Kiswahili. Hadi leo ukanda huo wote kufanya kibarua ni kupakasa.

Sasa tazama Karagwe ilivyokaa hapo. Ni njia. Anayekwenda Uganda anapita, anayerudi anapita, na anayechoka anabaki. Mnyambo mwenye migomba na kahawa yake hakuona sababu kubwa ya kwenda mbali kutafuta kikaratasi, na alipohitaji msaidizi alimpata mlangoni, tena kwa bei nafuu. Kabla nchi haijawa na sheria yoyote ya kima cha chini, Karagwe tayari ilikuwa na soko lake la kazi, na bei ya soko hilo ilitegemea hali ya maisha ya ng'ambo ya mto.

Twende Dar es Salaam kidogo, maana huko ndiko wastani wa taifa ulikokuwa unapikwa. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika Tanganyika Federation of Labour, na Rashidi Kawawa akawa kiongozi wake. Mwaka 1957 Dar es Salaam ikapata kima cha chini cha kwanza kisheria. Baada ya Uhuru, bodi iliyoongozwa na Chesworth ilipendekeza viwango vya nchi nzima, na kuanzia Januari 1963 kima cha chini Dar es Salaam kikawa Sh150 kwa mwezi. Kwa mtu aliyezoea malipo ya mkoloni hiyo ilikuwa heshima. Wastani wa mshahara Tanganyika ulipanda kwa kasi miaka ile kuliko karibu wakati wowote mwingine.

Lakini hapo kuna mtego, na naomba tuutazame vizuri. Mishahara ilipopanda, ajira zilipungua, hasa kwenye mashamba ya mkonge, ambako bei ya dunia nayo ilikuwa inaporomoka. Waliotolewa walikuwa wakata mkonge na wapalizi, yaani wale wa chini kabisa. Sasa ukimtoa darasani mwanafunzi mwenye alama 10, wastani wa darasa unapanda hata kama hakuna aliyesoma zaidi. Sehemu ya kupanda kwa wastani wa miaka ya 1960 ilikuwa hiyo. Waliokuwa na alama 10 walirudi vijijini, na kijijini hakuna anayehesabu.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili, ingawa kwa jicho lake. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Yeye akakasirika, akawarudisha makwao, na akajikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, ambalo lilisema waziwazi kwamba mikopo inajenga miji lakini jasho la kuilipa linatoka kwa mkulima. Mwaka huo huo wa 1967, baada ya ripoti ya Profesa Turner wa Shirika la Kazi Duniani, Serikali ilitoa waraka uliotaka nyongeza za mishahara zisizidi takriban asilimia 5 kwa mwaka. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba kipato cha mfanyakazi kimekimbia na kumwacha mkulima.

Nani angebisha? Nchi haikuwa na mafuta wala gesi. Fedha za kigeni zilitoka kwenye mkonge, pamba, korosho, kahawa. Kila kilo ya kahawa iliyotoka Karagwe ilipita kwenye chama cha ushirika, ikapita kwenye bodi, ikakatwa ushuru na gharama, na kilichobaki ndicho alichopewa mwenye shamba. Yaani mwalimu wa Temeke na karani wa Posta walilipwa kwa sehemu na mtu wa Bugene ambaye wala hawakujuana. Tunapochora mstari wa mishahara ya taifa hatumchori yule mtu wa Bugene, ingawa yeye ni sehemu ya wino.

Je, baada ya Azimio mkulima alipata zaidi? Hapa ndipo inapouma. Julai 1975 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil, na mwaka 1976 na 1977 bei ya dunia ikapaa. Ilikuwa neema ambayo kizazi kinaiona mara moja. Hazina ikachukua fungu lake kwa kodi ya kusafirisha nje. Zaidi ya hapo, mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, kikiwemo cha Bukoba, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Mchumi Frank Ellis alipopiga hesabu za muongo huo alionyesha kwamba mkulima alizidi kupunjika: fungu lake katika bei ya dunia lilishuka na bei za vitu vya dukani zikapanda.

Na mwenye mshahara naye hakupona. Tazama kima cha chini cha mjini kilivyopanda: Sh170 mwaka 1969, Sh240 mwaka 1972, Sh340 mwaka 1974, Sh380 mwaka 1975, Sh480 mwaka 1980, Sh600 mwaka 1981, Sh810 mwaka 1984. Ukiweka kwenye grafu ni mlima mzuri. Lakini bei zilipanda mlima mrefu zaidi. Aili Mari Tripp, aliyechunguza maisha ya Dar es Salaam miaka ile, ameandika kwamba thamani halisi ya mishahara ilishuka kwa asilimia 83 kati ya 1974 na 1988. Soma tena namba hiyo. Aliyekuwa na uwezo wa kununua magunia sita akabaki na moja. Ndiyo maana wazazi wetu walifuga kuku uani, wakauza maandazi ofisini, wakapiga deiwaka. Mshahara uligeuka nauli ya kwendea kwenye shughuli nyingine.

Hapo hadithi ya mjini na ya Karagwe zinakutana. Vali Jamal na John Weeks waliandika kwamba lile pengo kubwa kati ya mfanyakazi wa mjini na mkulima, ambalo wataalamu waliendelea kulihubiri, lilikuwa limeshafutika miaka ya 1980. Lilifutika kwa mfanyakazi kuteremka kwenda alipo mkulima. Mkulima hakupandishwa.

Kisha yakaja mageuzi ya 1986, shilingi ikashushwa thamani, na Julai 1989 mfumo wa mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ukavunjika. Bei ya dunia ikaanguka karibu nusu kwa muda mfupi. Karagwe ilipata chama chake kikuu, KDCU, mwaka 1990, yaani kilizaliwa msibani. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Wengine walileta ushindani, wengine wakaleta butura. Kwa wasiojua, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa maua tu, kwa bei ya mwenye shida. Mtoto kafukuzwa shule kwa ada, mgonjwa yuko hospitali, mnunuzi anakuja na noti. Miezi kadhaa baadaye anakuja kuvuna. Mwenye shamba anaweza kujikuta anachuma kahawa yake mwenyewe kama kibarua wa mwingine. Nauliza: huyu kwenye takwimu za ajira tumwandike wapi? Mkulima aliyejiajiri? Mfanyakazi?

Mwaka 1994 ukaongeza jambo ambalo hakuna waraka wa mishahara uliolitegemea. Mauaji ya kimbari Rwanda yaliwavusha mpaka mamia ya maelfu ya watu. Ngara ndiyo iliyotajwa zaidi, ila Karagwe nayo ilikuwa na makambi makubwa, kama Chabalisa, Kagenyi na Rubwera. Mkimbizi alikuwa na chakula cha msaada, hana shamba, anahitaji fedha kidogo ya chumvi na nguo. Alikubali ujira mdogo kuliko ambao mwenyeji angekubali. Ujira wa shambani ukaanguka.

Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa sababu, kwa bahati, Kagera ilikuwa na utafiti wa kaya ulioanza 1991 kabla ya wakimbizi. Maystadt na Verwimp walikuta kwamba kwa jumla wenyeji walifaidika. Lakini angalia waliofaidika: mkulima mwenye shamba la kutosha alipata vibarua wa bei rahisi na soko la ndizi zake. Aliyeumia ni mwenyeji aliyeishi kwa kulima vya wenzake, maana ujira ulishuka na bei za vyakula kadhaa zikapanda. Ruiz na Vargas-Silva nao walikuta kwamba wenyeji walioishi karibu na makambi walipungua katika kazi za kuajiriwa, wakabaki kwenye mashamba ya kaya zao. Wastani ulisema mmefaidika. Wastani huo huo ulikuwa na mtu ndani yake aliyepoteza kazi.

Wakimbizi walirudishwa Desemba 1996. Lakini mpaka haukuacha kupanga ujira. Kumbuka Nkwenda ilikuwa makazi ya wakimbizi wa Kinyarwanda tangu miaka ya 1960, na mwaka 1980 Serikali ilijitolea kuwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000 nchini. Kwa hiyo nani mgeni na nani mwenyeji ni swali lenye mizizi mirefu. Mwaka 2006 kulikuwa na wimbi la kuwaondoa watu Kagera. Julai 2013 Rais Kikwete alitoa wiki mbili kwa wahamiaji haramu kuondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Maelfu waliondoka, wengine wakiwa wamezaliwa na kuoa huku. Mjini tuliisoma kama habari ya usalama. Kwa mashamba ya Karagwe na Kyerwa ilikuwa pia habari ya ujira: mtu aliyekuwa anapalilia jana, leo hayupo. Na mtu asiye na karatasi, anayejua anaweza kufukuzwa kesho, hawezi kudai nyongeza leo.

Sheria inasemaje? Amri ya mishahara iliyotoka 2007 iliweka kima cha chini cha kilimo Sh65,000 kwa mwezi. Mwaka 2010 ikawa Sh70,000, Julai 2013 Sh100,000. Kisha kimya cha miaka tisa na nusu, hadi Januari 2023 kilipofika Sh140,000. Ukigawa hiyo ya mwaka 2023 kwa siku 26 za kazi unapata kama Sh5,400 kwa siku. Kwenye karatasi inamhusu hata kibarua wa siku. Lakini kule kazi nyingi hupimwa kwa kipande cha shamba, makubaliano ni ya mdomo, mwajiri ni jirani ambaye naye pengine hana kitu mpaka kahawa iuzwe. Ofisa kazi atamkamata nani?

Mwaka 2024 bei ya robusta duniani ilivunja rekodi, na kahawa ya maganda kwenye minada ya Kagera ikauzwa zaidi ya Sh4,000 kwa kilo. Hapo kibarua naye ana la kusema: usiponiongeza naenda kwa jirani. Hakuna Mei Mosi iliyowahi kumpa nguvu hiyo. Ila bei ya kahawa hupanda na kushuka, na ikishuka hana chama wala mkutano wa kwenda kulalamika.

Nimalizie na namba moja ninayoipenda na kuiogopa. Utafiti ule wa Kagera ulianza na kaya 915. Mwaka 2004 watafiti walizifuata zikiwa zimegawanyika kuwa zaidi ya 2,700, zimetawanyika hadi Mwanza, Dar es Salaam na Uganda. Beegle, De Weerdt na Dercon walilinganisha ndugu waliolelewa nyumba moja. Matumizi ya waliohama yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya waliobaki. Nyumba moja, malezi yale yale, tofauti ni kuhama tu. Hiyo ndiyo nyongeza kubwa ya mshahara ambayo kijana wa Karagwe anaweza kuitegemea: kuondoka Karagwe. Wengi wetu tunaosoma haya mjini ni matokeo ya hesabu hiyo, tuwe wa Kagera, Songea au Singida.

Kwa hiyo Mei Mosi ijayo, ukisikia wastani umepanda, shangilia kama unakuhusu, sina kinyongo. Kisha jiulize maswali mawili: ni wastani wa nani, na nani hakuhesabiwa? Na ukituma fedha nyumbani ya palizi, uliza pia aliyepalilia amelipwa shilingi ngapi. Wizara haina namba hiyo. Wewe unaweza kuipata kwa simu moja.

Tutafakari pamoja.